Mtoto Aliyechelewa: Maneno Tunayomwita na Yalikotoka

Ukiwa jikoni, ukiwa shambani, ukiwa kwenye kibanda chako sokoni, karibu tuketi pamoja kwa dakika chache. Leo hatuzungumzi juu ya chanjo wala juu ya uji wa mtoto. Leo tunazungumza juu ya maneno.

Huenda ukauliza, nesi ana shughuli gani na maneno? Kazi yake si sindano na mizani? Nitakujibu, mama. Mara nyingi mtoto anapofika kliniki huwa amekwisha kupita katika midomo ya watu wengi. Majirani wamemsema, shangazi wamemsema, watoto wenzake wamemsema. Amekwisha kupewa jina. Na jina lile ndilo huamua kama ataletwa mapema, kama ataletwa muda umekwisha kwenda, au kama atafungiwa ndani asionekane kabisa.

Ninamzungumzia mtoto ambaye wenzake wameketi na yeye bado. Wenzake wanatembea na yeye bado. Wenzake wanaita mama, baba, maziwa, na yeye kimya. Tunamwita nani mtoto huyu? Na maneno tunayomwita yametoka wapi?

KUCHELEWA NI NINI?

Tuanze na neno tunalolitumia kila siku. Tunasema gari limechelewa, mvua imechelewa, mtoto amechelewa kutembea. Neno hili ni la Kibantu, na mzazi wake ni neno "kucha". Unalijua, kwa maana kila asubuhi tunasema kumekucha. Kuchelewa, kwa maana yake ya asili, ni kupambazukiwa. Ni mtu aliyetaka kufunga safari alfajiri, lakini jua likamkuta bado hajatoka nyumbani.

Sasa tazama neno hili linasema nini, na ni nini ambacho halisemi. Linasema mtu huyu yuko nyuma ya wakati. Halisemi kwamba ni mtu mbaya. Halisemi kwamba hatafika, wala haliahidi kwamba atafika. Tena linaacha swali moja wazi, swali ambalo mtu yeyote mwenye huruma angeuliza: amecheleweshwa na nini? Je, aliugua? Mto ulifurika? Hakuna aliyemwamsha?

Lugha zetu hazikuwa na chuki na mwendo wa taratibu. Kwa Kiswahili tunasema polepole, na neno hilo hilo "pole" ndilo tunalompa aliyefiwa au aliyejikwaa. Mtu mpole ni mtu mwema. Ndugu zetu Waluo husema "mos mos" wakitaka mtu aende taratibu, na "mos" ni neno la kumpa mtu pole pia. Kwa hiyo wazee wetu waliweka mwendo wa taratibu karibu na huruma. Matusi yalikuja baadaye.

NENO "TAAHIRA" LILIANZA VIZURI

Sasa tuje kwenye neno zito. Taahira. Mtoto akiitwa hivyo barabarani, mama yake huinamisha kichwa. Lakini je, unajua neno hili lilimaanisha nini hapo mwanzo?

Limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni kuchelewa tu. Kukawia. Hakuna zaidi. Lina ndugu yake unayemsikia katika taarifa ya habari kila wiki: kesi imeahirishwa, mkutano umeahirishwa. Kuahirisha na taahira ni watoto wa mzazi mmoja. Kesi ikiahirishwa hatusemi kesi hiyo ni bure. Tunasema itasikizwa siku nyingine. Lakini mtoto akiitwa taahira, tunamaanisha kwamba shauri lake limekwisha.

Walioanza kulitumia neno hili kwa watoto hawakuwa na nia ya kutukana. Walitaka neno la heshima la kueleza kwamba akili ya mtoto imekawia kukua. Kisha watu wakalichukua wakalipeleka uwanjani, wakarushiana kama mawe.

Na wala si sisi peke yetu. Waingereza na Wamarekani walikuwa na neno "retarded". Neno hilo lina asili ya Kilatini, kutoka kwa neno lenye maana ya mtu wa taratibu, asiye na kasi. Hadi leo Mfaransa aliyechelewa kazini husema yuko "en retard", wala hajajitukana, amesema tu kwamba amechelewa. Madaktari wa Marekani waliliingiza katika vitabu vyao ili kuacha maneno mabaya zaidi ya zamani. Baada ya miaka mingi nalo likawa tusi shuleni. Mwisho, mwezi wa Oktoba mwaka 2010, Rais Barack Obama alitia sahihi sheria iliyoitwa Sheria ya Rosa, kwa jina la msichana mdogo mwenye hali ya Down ambaye jamaa zake waliipigania. Sheria hiyo ililiondoa neno hilo katika sheria nyingi za serikali kuu ya Marekani, na mahali pake pakawekwa maneno yenye maana ya ulemavu wa akili. Kaka yake Rosa alieleza kwamba jinsi unavyomwita mtu ndivyo utakavyomtendea.

Unaona, mama? Mwarabu alisema amechelewa. Mlatini alisema anakwenda taratibu. Mswahili alisema amepambazukiwa. Wote walisema jambo moja kuhusu wakati. Waliolitia sumu ni watu waliolisema kwa dharau.

Hapo pana funzo. Tukibadilisha neno bila kubadilisha moyo, neno jipya nalo litaoza. Lakini hiyo si sababu ya kuendelea kutumia neno lililokwisha kuoza. Mtoto mwenye miaka 6 hana habari na Kiarabu cha zamani. Yeye husikia kicheko kinachofuata.

MANENO YANAYOFUNGA MLANGO

Kuna maneno mengine ambayo tangu mwanzo hayakuacha nafasi ya swali. Tuyatazame kidogo.

Punguani. Limetoka kwa kupungua. Linasema mtu huyu ana kitu kimetolewa, kama kibaba kisichojaa. Ukisema hivyo, umekwisha kumpima na kumfungia mlango.

Zuzu. Hili lina ndugu yake, kuzuzuka, yaani kuduwaa, kushangaa kama mgeni aliyeshuka katika jiji kubwa kwa mara ya kwanza na hajui aelekee wapi. Ukifikiri vizuri, mgeni si mjinga. Mgeni hajui lugha ya mahali. Na ninakuambia wako watoto wengi wanaoitwa zuzu kwa sababu hiyo hiyo: hawasikii. Masikio yao yameziba au yana usaha, kwa hiyo ndani ya nyumba yao wenyewe wako kama wageni.

Nimewahi kumpokea kliniki mtoto wa miaka 3 aliyekuwa haongei. Nyumbani walikuwa wamekubaliana kwamba ni zuzu, na nyanya yake hakuona haja ya kumtuma chochote. Nilipomuuliza mama kama masikio ya mtoto yamewahi kutoa usaha, alijibu bila kusita kwamba yamekuwa yakitoa tangu alipokuwa mchanga, huacha na kurudi. Hakuna aliyekuwa ameunganisha usaha ule na ule ukimya. Alipelekwa kwa wataalamu wa masikio, akatibiwa, akapimwa usikizi. Maneno yalianza kuja kidogo kidogo. Neno zuzu lilikuwa limemlia mtoto yule miaka 2, maana kila mtu aliposema "ni zuzu" hakuna aliyeuliza "kwa nini?"

Wazimu. Neno hili ni ndugu wa mzimu, yaani roho za waliokufa. Wazee waliona mtu anasema ovyo wakadhani amepandwa na mizimu. Siku hizi tunajua kwamba ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama mwingine na una matibabu. Lakini angalia, mama: mtoto aliyechelewa kukua si mgonjwa wa akili. Ni mambo mawili. Mtoto aliyechelewa anajifunza taratibu. Mgonjwa wa akili ni mtu ambaye fikira na hisia zake zimevurugika, hata kama alisoma hadi chuo kikuu. Tukiyachanganya, tunampeleka mtoto mahali pasipo pake.

Mongoli. Jina hili lilitolewa kwa watoto wenye hali ya Down. Daktari Mwingereza, John Langdon Down, alieleza hali hiyo mwaka 1866, akawalinganisha watoto hao na watu wa Mongolia kwa sababu ya umbo la macho. Kulinganisha huko hakukuwa na msingi wowote. Watu wa Mongolia wenyewe waliomba jina hilo liachwe, na Shirika la Afya Duniani likaliacha mwaka 1965. Tayari mwaka 1959 Daktari Jérôme Lejeune wa Ufaransa na wenzake walikuwa wameonyesha chanzo: mtoto huyu ana kromosomu moja ya ziada, ile ya 21. Mama hakukosea lolote. Baba hakukosea lolote.

MANENO YANAYOBEMBELEZA

Nimesema juu ya maneno ya kutukana. Lakini kuna maneno mengine ambayo ni matamu, na yanaweza kumdhuru mtoto vilevile. Unayajua.

"Hata babake alichelewa kuongea." "Wavulana huwa wazito, mwache." "Mtoto mnene huchelewa kutembea." "Ngoja kwanza meno yaote." "Atafika tu, Mungu ni mwema."

Wanaosema hivyo wanakupenda. Wanataka usiku ulale. Na mara nyingine ni kweli, mtoto huja akawapita wenzake. Lakini hakuna awezaye kujua kwa kutazama tu. Wahenga walituachia methali inayofaa hapa kabisa: chelewa chelewa utapata mwana si wako. Mtoto amechelewa mara moja. Mkubwa asimcheleweshe mara ya pili.

Sababu ni hii. Ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kubwa katika miaka yake ya kwanza kuliko wakati wowote mwingine. Samaki mkunje angali mbichi. Msaada unaotolewa akiwa na mwaka 1 hufanya kazi kubwa kuliko msaada ule ule akiwa na miaka 8.

KUCHELEWA KIASI GANI?

Watoto hawafanani. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wazima katika Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani, likatoa matokeo mwaka 2006. Wako waliotembea peke yao wakiwa na miezi 8 tu. Wako waliofika karibu miezi 18 ndipo wakatembea. Wote walikuwa wazima. Kwa hiyo usilie kwa sababu mtoto wa jirani ametembea kabla ya wako.

Lakini kila jambo lina mpaka wake. Fungua Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto unachopewa kliniki. Ndani yake, pamoja na chati ya uzito, kuna ukurasa wa hatua za ukuaji. Akina mama wengi hawajawahi kuutazama. Utazame leo, na kama hujui kusoma mwombe mtoto wako wa shule akusomee. Kwa ufupi:

Akiwa na wiki 6 hivi, mtoto huanza kutabasamu ukimtazama, na hufuata kwa macho kitu chenye rangi.

Kufikia miezi 4, shingo imekaza na hugeukia sauti.

Kufikia miezi 6, hunyosha mkono akashika kitu na kukipeleka mdomoni.

Kufikia miezi 9, huketi bila kuegemezwa.

Kufikia mwaka 1, hutembea akishikwa mkono, na husema maneno 2 au 3.

Kufikia mwaka 1 na miezi 6, hutembea peke yake na hunywa kwa kikombe.

Kufikia miaka 2, huunganisha maneno, kama "mama maji".

Mtoto wako akipita mpaka huo bila kufika, nenda kliniki. Usingoje siku ya chanjo. Na kama alizaliwa kabla ya miezi kutimia, mwambie nesi, kwa maana umri wake utahesabiwa kwa namna tofauti.

Kuna jambo jingine ambalo halingoji hata wiki moja: mtoto aliyekuwa akifanya jambo kisha akaliacha. Alikuwa akisema maneno, sasa amenyamaza. Alikuwa akiketi, sasa anaanguka. Pia mtoto anayeshikwa na degedege, au ambaye mwili wake ni mlegevu kama kitambaa au mgumu kama ubao. Hao wapelekwe hospitalini mara moja.

NI NINI HUMCHELEWESHA?

Hili ndilo swali ambalo neno "kuchelewa" linatuachia. Majibu ni mengi, na mengi yake yanazuilika au yanatibika.

Mtoto anaweza kucheleweshwa na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na hii ni sababu mojawapo ya kukuhimiza ujifungulie hospitalini. Anaweza kucheleweshwa na manjano kali siku za mwanzo, na malaria iliyopanda kichwani, au na homa ya uti wa mgongo. Anaweza kuwa hasikii au haoni vizuri. Pombe ambayo mama alikunywa akiwa mjamzito pia inaweza kuathiri ubongo wa mtoto.

Lishe nayo ina nguvu. Kuna neno kudumaa. Tunalitumia kwa mtoto ambaye urefu wake hautoshi umri wake kwa sababu ya kukosa chakula bora kwa muda mrefu na kuugua mara kwa mara. Mwaka 2014, watoto 26 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 hapa Kenya walikuwa wamedumaa. Kufikia uchunguzi wa mwaka 2022 walikuwa 18 katika kila 100. Tumepiga hatua, lakini 18 bado ni wengi. Kudumaa si ufupi tu, kwa maana ubongo nao hukua kwa chakula hicho hicho. Damu ikipungukiwa na madini ya chuma, mtoto huwa mchovu, hachezi, na asiyecheza hajifunzi.

Madini ya iodini nayo ni muhimu. Mama mjamzito akiyakosa sana, mtoto anaweza kuzaliwa akiwa na shida ya kusikia na ya akili. Ndiyo sababu chumvi ya kula hapa Kenya hutiwa iodini kwa mujibu wa sheria. Nunua chumvi iliyofungwa vizuri kwenye pakiti, uihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na unyevu.

Kisha kuna hali ambazo mtoto huzaliwa nazo au zinazojitokeza mapema: hali ya Down niliyoitaja, mtindio wa ubongo, ambao huathiri misuli na mwendo, na usonji, ambao huathiri jinsi mtoto anavyoongea na kuhusiana na watu. Hapa ukumbuke jambo moja. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kushindwa kutembea na hata kuongea, na huku akili yake ni kali na anaelewa kila neno unalosema juu yake. Chunga ulimi.

Katika orodha hiyo yote, hukusikia nikitaja laana. Hukusikia nikitaja kwamba mama alitoka nje ya ndoa, au kwamba mahari haikumalizwa. Kama kuna mtu nyumbani kwenu anayesema hivyo, mkaribishe asome ukurasa huu.

UKIFIKA KLINIKI USEME NINI?

Sasa tunarudi kwenye maneno, kwa maana ni dawa ya kwanza. Mama anapoingia kliniki na kusema, "Nesi, mtoto wangu ni mjinga," hajaniambia kitu. Sijui nianzie wapi. Lakini mama mwingine akisema, "Mtoto wangu ana mwaka 1 na miezi 10. Anatembea, lakini hajasema neno hata moja, na nikimwita kutoka nyuma hageuki," huyo amekwisha kunifanyia nusu ya kazi. Tayari ninajua tuanze na masikio.

Kwa hiyo sema mambo manne. Umri wake. Lile analoweza. Lile ambalo bado. Na lile lililotokea: alizaliwaje, alilia mara moja au alikawia, amewahi kulazwa kwa ugonjwa gani. Useme pia kama hali ilianza tangu kuzaliwa au baadaye. Hayo ndiyo maneno yanayofungua mlango.

Tukimaliza, huenda tukakupa barua ya kwenda hospitali kubwa kuonana na daktari wa watoto, au mtaalamu wa mazoezi ya viungo, au wa masikio, au wa kuongea. Mtoto akiwa chini ya miaka 5, madaktari husema tu kwamba ukuaji wake umechelewa, kwa sababu bado ni mapema kupima akili yake kwa uhakika. Akikua na kupimwa, baadhi huonekana wamewafikia wenzao. Wengine huonekana wana ulemavu wa akili, na huo utakuwa nao maishani. Sitaki kukudanganya, mama. Si kila aliyechelewa atawafikia wenzake. Lakini kila mmoja anaweza kufika mbali kuliko pale ambapo angeachwa. Wapo wanaojifunza kujilisha, kuvaa, kuchota maji, kulima, kuhesabu pesa na kufanya kazi ya mkono.

Kwa mambo ya shule kuna vituo vya EARC chini ya Wizara ya Elimu, ambavyo vilianza hapa Kenya mwaka 1984. Hapo walimu maalum humpima mtoto na kukuelekeza kwenye shule inayomfaa. Uliza mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu kituo chenu kiko wapi. Na mtoto akithibitishwa kuwa na ulemavu, aandikishwe katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

MASWALI MAWILI YA AKINA MAMA

Mama mmoja aliuliza: Je, nikisema mtoto wangu ana ulemavu wa akili, si nimemtukana?

La, mama. Hilo ni neno la kueleza hali, na tunaliweka baada ya neno mtoto. Tunasema mtoto mwenye ulemavu wa akili, mtoto mwenye usonji, mtoto mwenye hali ya Down. Mtoto kwanza, hali baadaye. Na nyumbani usimwite kwa hali yake. Ana jina ulilompa. Mwite kwa hilo.

Mwingine aliuliza: Majirani na watoto wa shule wanamwita taahira. Nifanye nini?

Kwanza, ujue kwamba sheria iko upande wako. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, na ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Mweleze mwalimu mkuu hivyo. Mweleze chifu ikibidi. Lakini anza na wale wa karibu. Waite watoto wako wengine, uwaambie ndugu yao anajifunza taratibu na wao ndio walimu wake. Watoto wakielewa huwa watetezi wakali kuliko polisi. Na jirani akisema "huyo taahira wako", mjibu kwa utulivu: "Anaitwa kwa jina lake. Amechelewa kuongea, na tunaendelea na kliniki." Umempa neno jipya la kutumia.

NYUMBANI, KUANZIA LEO

Usingoje mtaalamu ndipo uanze. Zungumza na mtoto ukimwogesha, ukimvalisha, ukipepeta mchele. Mtajie vitu: kikombe, kuku, maji. Mwimbie. Mpe vifaa vya kuchezea visivyo na gharama, kama mpira wa vitambaa, kikombe na mfuniko wake, chupa ya plastiki iliyotiwa maharagwe na kufungwa barabara. Mpe muda wa kujibu. Akifanya jambo dogo, msifu. Mbebe umpeleke kanisani, msikitini, sokoni, harusini. Mtoto anayefichwa hujifunza tu kuta za chumba.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kuchelewa ni habari ya wakati. Si tusi wala si hukumu.
2. Badala ya kusema "ni zuzu", uliza "amecheleweshwa na nini?"
3. Maneno matamu ya "atafika tu" yasikuzuie kwenda kliniki.
4. Tazama ukurasa wa hatua za ukuaji katika kijitabu chako kila mwezi.
5. Mtoto akipoteza jambo alilokwisha kulijua, nenda hospitalini siku hiyo hiyo.
6. Mwite mtoto kwa jina lake.

Mama, mlezi, wakati wetu umekwisha. Kabla hujalala leo, chukua kijitabu cha mtoto wako, utafute ukurasa ule, uweke alama penye yale anayoyaweza. Ukiona pengo, kesho asubuhi mwone nesi wa kliniki iliyo karibu nawe au mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Na kama wako hana pengo lakini unamjua mama mwenye mtoto aliyefungiwa ndani, mpelekee kijitabu hiki umsomee.

Hadi kipindi kijacho, kaa salama, nawe uniangalizie watoto. Kwaheri.